Namna ya Kutunga Mchezo wa Nyimbo Kuhusu Nora Baada ya Kuondoka

Kikundi cha Moshi kinachotaka kuendeleza kwa nyimbo maisha ya Nora, mhusika mkuu wa tamthilia ya Henrik Ibsen, A Doll's House, iliyooneshwa kwa mara ya kwanza Copenhagen mwaka 1879, kitawapata waimbaji katika kwaya za sharika. Kazi ngumu zaidi ni kusoma kwa makini. Someni kurasa za mwisho mkiwa na kalamu, mkiandika kila alichokiacha na kila alichokikataa. Nora anaacha funguo, anarudisha pete ya mumewe, Torvald, na kudai yake, anaondoka bila kuwaona watoto wake 3, anakataa barua na msaada, kisha anaeleza kwamba usiku huo atalala kwa rafiki yake Kristine na kesho yake atarudi alikotoka akatafute kazi.

Onesho la kwanza lianzie hapo, kwa Kristine, ambaye usiku huo huo amekubali kuishi na Krogstad, mtu yule yule aliyemkopesha Nora kroner 4,800 na kumtishia kwa sahihi ambayo Nora aliighushi. Wanawake hao wana mengi ya kuambiana, kwa hiyo wapeni muda. Andikeni kwanza mazungumzo matupu, na wimbo uingie pale tu msemaji anaposhindwa kuendelea. Ngoma ya tarantella ambayo Nora aliicheza kwa fujo ili mumewe asifungue sanduku la barua inafaa irudi polepole, akiwa ameinamia kazi ya kunakili hati, kazi aliyowahi kuifanya usiku kwa siri ili alipe deni. Watoto waimbe nyuma ya pazia. Wakionekana mapema, watazamaji watamhukumu mama yao kabla hajajieleza.

Mtashawishika kumleta Torvald na jani la isale. Naomba msifanye hivyo, kwani mtazamaji wa Kilimanjaro anajua kwamba msamaha unaoombwa kwa isale haukataliwi kirahisi, na swali zima la mchezo litakuwa limejibiwa na desturi badala ya Nora mwenyewe.

Jina maarufu la mhusika halitoshi: tamthilia ya nyimbo A Doll's Life, iliyoendeleza hadithi hii New York mwaka 1982 chini ya mwongozaji Harold Prince, ilifungwa baada ya maonesho 5. Pimeni nyimbo mapema mbele ya watu wachache, kwa kinanda kimoja.

Ibsen alifariki mwaka 1906, hivyo kazi yake ya asili haihitaji kibali. Tafsiri mtakayoitumia huenda ina mwenyewe, naye aombwe ruhusa kwa maandishi kabla mazoezi hayajaanza.