Mbegu za mchangiaji: mwongozo kwa mume aliyeambiwa hana mbegu

Mimi ni dereva wa lori, njia yangu ni Mombasa hadi Kampala, na nyumbani kwangu ni Tororo. Nina binti aliyepatikana kwa mbegu za mwanamume nisiyemjua. Mimi na mke wangu tulikaa, tukakubaliana, tukatia sahihi, na leo mimi ndiye baba yake. Ninawaandikia hasa wanaume wenzangu, kwa sababu kwetu mzigo huu huangushiwa mke. Yeye ndiye anayeitwa tasa, yeye ndiye anayezungushwa kwa waganga, na mwishowe shangazi humnong'oneza atafute mimba nje kimyakimya ili amsitiri mume.

Anza na kipimo chako. Kaa siku 2 hadi 7 bila kutoa manii, kisha toa sampuli papo hapo maabara, au hakikisha inafika ndani ya saa moja. Kipimo kimoja hakitoshi, rudia. Shirika la Afya Duniani linachukua milioni 16 za mbegu kwa mililita kuwa kiwango cha chini cha kawaida, na mwenye pungufu ya hapo mara nyingi bado anasaidiwa kwa mbegu zake mwenyewe. Mimi sikukutwa na hata moja. Daktari aliniuliza kama niliwahi kuugua matubwitubwi baada ya kubalehe. Niliugua nikiwa sekondari, mashavu yakavimba, kisha korodani nazo zikavimba hadi nikashindwa kutembea. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia kwamba ugonjwa ule unaweza kuharibu uzazi.

Ukiambiwa huna mbegu, usiondoke hapo kabla hujauliza: hazitengenezwi, au zinatengenezwa lakini njia imeziba? Daktari atakukagua na kupima homoni katika damu. Kama njia imeziba, mbegu zinaweza kuvutwa kwa sindano kutoka kwenye korodani na kutungisha yai maabara. Huduma hiyo ipo Kampala. Mtoto wa kwanza wa Uganda aliyetungwa nje ya mwili alizaliwa mwaka 2004 kupitia hospitali moja ya Bukoto. Ni ghali zaidi, ila ni haki yako kujua kama mlango huo upo kabla ya kuufunga. Na jambo hili litie akilini: kukosa mbegu na kukosa nguvu za kiume ni vitu viwili tofauti. Manii hutoka kama kawaida, hayana mbegu tu.

Baada ya hapo zungumza na mkeo, na usiharakishe. Sisi tulikuwa tunazungumza usiku kwa simu, mimi nikiwa nimeegesha lori Malaba nasubiri foleni ya forodha. Gizani, kila mmoja akiwa kwake, tuliweza kusema yale tuliyoshindwa kusema mezani. Tulijiuliza: nani ataambiwa? Mtoto mwenyewe ataambiwa lini? Mimba ikikosekana, tutakomea wapi? Siku tutakapogombana, je, nitamtupia neno kwamba mtoto si wangu? Hilo la mwisho ndilo kubwa kuliko yote. Ukijichunguza ukaona neno hilo linaweza kukutoka, subiri kwanza, hata mwaka mzima.

Imani nayo ina sauti yake. Kanisa Katoliki lilikataza njia hii waziwazi katika waraka wake wa mwaka 1987, na wanazuoni wengi wa Kisunni wanaikataza kwa sababu ya nasaba. Mimi ni Mwanglikana na nilimweleza mchungaji wangu kila kitu. Ikiwa dini yako inakataa na dhamiri yako inakubaliana nayo, kuna njia ya kuasili mtoto, nayo ni ya heshima.

Wapo wazee watakaopendekeza ndugu yako akusaidie chumbani. Nilikataa, na ninakushauri ukatae. Atakuwa akimtazama mtoto huyo kwenye kila msiba na kila Krismasi, na ugomvi wa shamba ukizuka siri itatoka hadharani. Mbaya zaidi ni wale wanaotangaza mbegu zao mitandaoni na kukutana na wanawake kwenye nyumba za wageni. Mbegu za kliniki hugandishwa katika nitrojeni ya kimiminika kwa nyuzi 196 chini ya sifuri, na utaratibu mzuri ni kuzihifadhi takriban miezi 6, kisha mchangiaji anapimwa tena virusi vya Ukimwi kabla hazijatumika. Mtu wa nyumba ya wageni anaweza kukuonyesha karatasi safi ilhali ameambukizwa juzi. Na manii mabichi yasiyosafishwa hayafai kabisa kuingizwa ndani ya mji wa mimba. Huleta maumivu makali na hatari ya maambukizi.

Mkifika kliniki, ulizeni mchangiaji amepimwa nini: Ukimwi, homa ya ini B na C, kaswende, kisonono, klamidia. Kisha ulizeni habari za sikoseli, na msikubali jibu la juujuu. Uganda takriban watu 13 katika kila 100 wamebeba chembe ya ugonjwa huo bila kuumwa. Mke wangu alipimwa akakutwa AS, yaani amebeba chembe hiyo, kwa hiyo tulidai mchangiaji awe AA, yaani asiye nayo, kwa maandishi. AS wawili wakikutana, kila mimba ina uwezekano wa robo kuzaa mtoto mgonjwa, na mimi nimeona watoto wa jirani wakilia usiku kwa maumivu ya mifupa. Ulizeni pia kundi la damu, hasa kama mama ni Rhesus hasi, yaani kundi lake lina alama ya kutoa, kama O-.

Mke atapimwa mirija kwa eksirei yenye dawa, kwani ikiwa yote imeziba, kupandikiza, yaani kuingiza mbegu ndani ya mji wa mimba, ni kupoteza pesa. Omba bei ya kila kitu kwenye karatasi moja: vipimo, vidonge, ultrasaundi, sindano, mbegu zenyewe na kazi ya kupandikiza. Tulianzia kliniki moja iliyotutajia bei ya mwisho pekee, kisha kila tulipofika ikazuka ada mpya. Tuliondoka.

Kazi yenyewe ni fupi. Mke hupata vidonge siku za mwanzo za hedhi, ultrasaundi hufuatilia kifuko chenye yai, na kikifikia kama milimita 18 hadi 20 anachomwa sindano ya kulipevusha yai. Saa 36 hivi baadaye mbegu huingizwa kwa mrija mwembamba. Siku yetu, muuguzi alifungua tangi, mvuke mweupe ukamwagika hadi sakafuni, akachomoa kijirija cha plastiki chembamba kuliko kijiti cha kiberiti. Akatusomea namba iliyoandikwa ubavuni, tukailinganisha wote watatu na fomu yetu. Usikubali hatua hiyo irukwe. Mimi nilikaa upande wa kichwa cha mke wangu, nimemshika mkono. Nawe uwe hapo, hata kama itakulazimu kumwachia lori turnboi, msaidizi wako.

Pima mimba baada ya wiki mbili, si kabla, maana ile sindano yenyewe inaweza kudanganya kipimo. Uwezekano ni kama asilimia 10 hadi 20 kwa kila mzunguko, na hushuka mama akivuka miaka 35. Kwa hiyo jipangeni kwa mizunguko kadhaa tangu mwanzo.

Sasa karatasi. Mwaka 2023 magazeti yetu yalijaa habari za wanaume wanaopeleka watoto kupimwa DNA, na siku ukifa, ndugu zako wanaweza kufanya hivyo hivyo. Sheria ya urithi iliyorekebishwa mwaka 2022 inawapa watoto asilimia 75 ya mali ya asiyeacha wosia, kwa hiyo swali la nani ni mtoto lina pesa ndani yake. Tia sahihi ya ridhaa kabla ya kupandikiza, iwe na tarehe, na ubaki na nakala. Mtafute wakili akueleze sheria inasemaje leo, kwani mwaka 2023 kuliandaliwa muswada wa uzazi wa kusaidiwa. Andika wosia unaomtaja mtoto kwa jina. Msajili NIRA, mamlaka ya usajili ya Uganda, ukiwa baba yake.

Namba ya mchangiaji na matokeo ya vipimo vyake viwekeni pamoja na cheti cha kuzaliwa. Uingereza iliondoa usiri wa wachangiaji mwaka 2005, ili mtoto akifika miaka 18 aweze kuuliza. Binti yetu tumeshaanza kumsimulia kwa maneno ya umri wake, kwamba mtu mwema alitusaidia kumpata. Akikua na kutaka zaidi, bahasha iko kwenye sanduku la mama yake, na ufunguo anajua ulipo.