Mgonjwa anashukiwa MS: namna ya kushughulikia maji ya uti wa mgongo

Katika MS (multiple sclerosis, ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia ubongo na uti wa mgongo), limfosaiti, aina ya seli nyeupe za damu, huvuka kutoka kwenye damu, huingia ubongoni na kushambulia mayelini, utando unaofunika neva. Baadhi ya seli B, aina mojawapo ya limfosaiti, hubaki humo na kugeuka seli za plazma zinazotoa kingamwili ya IgG. Maabara inatakiwa ionyeshe kwamba IgG hiyo imetengenezwa humo humo, haikuvuja kutoka kwenye damu. Kwa hiyo chukua maji na damu siku hiyohiyo. Maji yakija bila seramu (majimaji ya damu iliyoganda), kipimo cha mistari, yaani mistari ya IgG inayoonekana kwenye jeli, hakisomeki, na ni nani atakayekubali kwa furaha kuchomwa mgongo mara ya pili?

Tyubu ya kwanza usiitumie kuhesabia seli, kwani ndiyo hubeba damu ya jeraha la sindano. Hesabu ndani ya saa moja. Nyutrofili, seli nyeupe zinazopambana na bakteria, hupasuka mapema kuliko limfosaiti. Sampuli iliyokaa mezani tangu asubuhi inaweza kuonyesha limfosaiti karibu tupu, na homa ya uti wa mgongo ya bakteria ikakupita. Kwenye chemba ya Fuchs-Rosenthal (kioo cha kuhesabia seli chenye ujazo wa mikrolita 3.2), hesabu eneo lote kisha gawa kwa 3.2. Seli nyeupe chini ya 5 kwa mikrolita ni kawaida, na wagonjwa wengi wa MS huwa humo au juu kidogo tu. Zikizidi 50, au nyutrofili zikiwa nyingi, tafuta kwanza TB, maambukizi mengine, au ugonjwa unaofanana na MS wa kingamwili dhidi ya protini za akwaporini-4 au MOG.

Sasa mistari. Protini hutenganishwa kwenye jeli kwa umeme kulingana na chaji zake, kisha IgG hutambuliwa kwa kingamwili maalumu. Zimua seramu, mara nyingi kama mara 400, mpaka IgG yake ilingane na ya maji. Ukiruka hatua hii, njia ya seramu (ukanda wake kwenye jeli) hujaa weusi na hakuna cha kulinganisha. Weka njia mbili hizo bega kwa bega. Mistari 2 au zaidi iliyo kwenye maji lakini haipo kwenye seramu ni chanya. Inayofanana pande zote mbili imetoka kwenye damu. Kaswende ya ubongo na VVU pia huleta mistari, kwa hiyo vipimo vya magonjwa hayo vitangulie.

Kama mgonjwa ameshaanza steroidi, seli huenda zimepungua lakini mistari kwa kawaida hubaki. Andika dawa na dozi kwenye fomu.