Kuizoea patasi ya mshazari

Nakereza miguu ya vitanda kwa mashine katika soko la Gikomba, Nairobi, na karibu kila kijana anayekuja kujifunza huiogopa patasi ya mshazari, ile ambayo makali yake yamekatwa kwa kulala upande, ncha moja ikawa ndefu kuliko nyingine. Huiweka kando akamalizia kwa msasa. Ni hasara: ikikata sawasawa huacha mti laini kuliko msasa, tena bila vumbi.

Tafuta saiprasi isiyo na fundo, sentimita 30 kwa 5, uikereze iwe mviringo kwanza. Noa patasi mpaka inyoe nywele za mkono. Butu ndiyo hatari zaidi, kwa sababu utailazimisha.

Sasa zima mashine. Ndiyo, izime. Weka ncha ndefu juu, ulaze mgongo wa makali, yaani ule mteremko ulionolewa nyuma yake, juu ya mti bila kukata. Mwenzako azungushe mti kwa mkono huku wewe ukiinua mpini polepole, mpaka maranda membamba yatoke. Hapo ndipo pa kukumbuka. Mimi nilirudia hivyo siku tatu kabla ya kuwasha.

Ukiwasha, vaa miwani, kunja mikono ya shati, anza na mwendo wa chini. Kata kwa nusu ya chini ya makali tu. Mti ukigusa karibu na ncha ya juu, patasi huuma na kuchimba mfuo wa kuzunguka. Usianzie ukingoni kabisa. Ingia ndani kidogo, uelekee nje.

Mifuo ya V ni baadaye, ncha ndefu ikiwa chini. Mabakuli usiyaguse kwa patasi hii.