Mwanza au Dar: anza na kozi

Mdogo wangu, kama unasita kati ya SAUT, Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino hapa Mwanza pale Malimbe, na Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, fungua kwanza mwongozo wa udahili wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, usome kozi na sifa za kujiunga. Ukitaka jiolojia, funga safari ya Dar. Ualimu unasomeka kote kuwili, na hapo mimi ningebaki Mwanza.

Kisha andika kwenye daftari kodi ya chumba, chakula na nauli ya basi kila likizo. Bumu, ile pesa ya kujikimu ya mkopo wa wanafunzi, likichelewa, nyumbani utakula ugali na sato wa mama. Dar utakopa kwa mama ntilie. Hilo lipime sana.

Ukibaki, kubaliana na wazazi mapema kuhusu saa za kusoma. Mtoto wa nyumbani hutumwa sokoni hata wiki ya mitihani.