Ukiagizwa krimu yenye rangi na watu wa Lubumbashi

Kila mwaka, kabla sijakata hata tiketi, ujumbe wa sauti unaanza kumiminika kutoka Lubumbashi. "Yaya, ukija usisahau BB yangu." Ukiuliza BB ipi, unajibiwa: "Si ile yenye rangi?" Basi, imetoka hiyo. Ukiingia dukani hapa Bruxelles unakuta rafu nzima ya zenye rangi, na muuzaji anayekutazama wewe ili akadirie uso wa mtu aliye Katuba, mtaa wa Lubumbashi.

Herufi zisikutishe. BB ("blemish balm", krimu ya usoni ya kufunika madoa) ilianzia kwa daktari wa ngozi wa Ujerumani, Christine Schrammek, miaka ya 1960, kwa ajili ya kutuliza na kufunika ngozi iliyotoka kwenye matibabu. Wakorea ndio walioipa umaarufu. CC ("colour correcting") ilifuata baadaye kwa madai ya kusawazisha rangi. Leo kila kampuni inabandika herufi hizo inavyotaka, kwa hiyo BB ya huyu inaweza kuwa nyepesi kuliko losheni ya yule. Kwa kawaida losheni yenye rangi inalainisha ngozi na kufunika kidogo sana, BB inafunika zaidi, na CC inalenga mabaka. Angalia tu CC zenye ukijani: zile zilibuniwa kwa mashavu mekundu ya Wazungu. Kwenye ngozi nyeusi zinaacha ukijivu. Madoa meusi ya chunusi yanafichwa na rangi inayoelekea chungwa.

Mimi ningekushauri uanzie kwingine kabisa: krimu ya kujikinga na jua yenye rangi. Lubumbashi iko kwenye mita kama 1,200 juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa Oktoba, kabla mvua hazijashika, jua la saa sita linasimama utosini. Weusi wetu unatukinga kiasi na kuungua, lakini hautukingi na madoa. Mwanga wa kawaida tunaouona kwa macho, mbali na ile miale isiyoonekana, unaweza kuzidisha madoa kwenye ngozi nyeusi, na krimu nyeupe za jua haziuzuii vizuri. Kinachosaidia ni oksaidi za chuma, yaani ile rangi yenyewe iliyomo ndani ya krimu. Ni jamii ileile ya madini inayofanya vumbi la Katanga kuwa jekundu na kutia doa soksi zako ukishuka tu kwenye gari.

Kwa hiyo geuza boksi, usome maandishi madogo ya nyuma. Tafuta CI 77491, CI 77492 na CI 77499: nyekundu, manjano na nyeusi. Krimu ya watu weusi inahitaji zote tatu. Ukikuta CI 77891, hiyo ni titani dioksaidi, nyeupe pe. Kuwepo kwake si kosa, ila ikitajwa mapema kwenye orodha na rangi zikawa mkiani, jiandae kwa uso wa majivu. Na chupa iliyoandikwa kwamba inafaa "rangi zote", irudishe tu pale ulipoitoa.

Hilo nililipia. Mwaka mmoja nilimpelekea mdogo wangu tyubu ya "rangi zote", akajipaka asubuhi ya harusi ya binamu yetu kule Kampemba. Kwa macho ilikuwa nzuri. Jioni mpiga picha alipoanza kuwasha flashi, kila picha ilitoka na mdogo wangu ana uso wa mtu aliyeinama juu ya sufuria ya bukari, yaani ugali, unga ukamrukia. Shingo yake, mikono yake, vyote vyeusi vya kupendeza, uso tu mweupe. Ile titani, na zinki ambayo nayo ni nyeupe, zinarudisha mwanga wa flashi kama kioo. Mpaka leo, nikimpigia simu, lazima anikumbushe albamu ile. Sasa kabla ya kununua chochote napaka kidogo, nazima taa, najipiga picha kwa flashi.

Tatizo kubwa la kununulia mtu aliye mbali ni rangi yake. "Mimi maji ya kunde" haisaidii kitu, maana kwetu maji ya kunde anaanzia shangazi na kuishia jirani. Mwambie apige picha asubuhi, kivulini karibu na dirisha, bila krimu wala kichujio cha simu, akiwa ameshika karatasi nyeupe kando ya shavu. Karatasi ikitoka ya manjano au ya bluu, ujue kamera imedanganya, arudie. Ashushe kola ili shingo ionekane. Kisha muulize swali la kifamilia: kati yangu mimi na Mama, wewe unamkaribia nani? Jibu hilo limenisaidia kuliko namba zote za kampuni, kwa sababu mimi ninaweza kujijaribia mwenyewe, halafu nikapanda au kushuka namba moja.

Ukijaribu, paka kwenye taya kuelekea shingoni, si kiganjani. Toka nje ya duka, maana taa za ndani zinapendezesha kila kitu. Subiri dakika 15, kwani nyingine hugeuka na kuwa nyeusi zaidi zikikutana na hewa. Kumbuka pia kwamba wewe umepauka kwa baridi ya huku, na yeye anakaa juani.

Kuna kosa moja linarudiwa na karibu kila mtu: kuona SPF 30, yaani namba ya kinga ya jua, kwenye BB na kudhani kazi imekwisha. Namba ile inapimwa kwa tabaka nene. Kwa uso na shingo ni mistari miwili ya krimu, mmoja kwenye kidole cha shahada na mwingine kwenye cha kati. Nani atajipaka BB kiasi hicho? Atafanana na kinyago. Kwa hiyo aanze na krimu ya jua kwa kipimo hicho, BB ifuate juu yake kidogo tu.

Na ukiagizwa ya kung'arisha? Mimi nakataa, hata kama anayeomba ni Mama mdogo. Kwenye maduka ya Matonge ya hapa, mtaa wa Waafrika wa Bruxelles, unaweza kuonyeshwa kopo lililoandikwa "éclaircissant" bila orodha ya viungo inayoeleweka. Hidrokwinoni, kemikali ya kung'arisha ngozi, imekatazwa kwenye krimu za urembo Ulaya tangu 2001, na zebaki haina nafasi kwenye uso wa mtu. Kuna nyingine zina clobetasol, dawa ya hospitali inayokondesha ngozi ikitumiwa ovyo, na ngozi iliyokonda haiwezi kulibishia jua la Oktoba.

Kwenye kufungasha: chupa zinazozidi mililita 100 ziende kwenye sanduku kubwa, si mkononi. Chagua tyubu au pampu kuliko kopo la kuchovya vidole, hasa msimu wa vumbi. Ziba mdomo kwa selotepu na uweke kwenye mfuko wa plastiki. Nyuma kuna mchoro wa kikopo kilichofunguliwa na namba kama 6M au 12M, ndiyo miezi ya kuitumia baada ya kuifungua. Mimi huandika kwa kalamu nene kwenye plasta, "1" juu ya krimu ya jua na "2" juu ya BB, kwa sababu yule mdogo wangu hasomi maelezo hata siku moja.