Soko likiporomoka kila mtu anakuwa mtaalam: jinsi ya kuchuja maoni ya hisa, benki na nyumba

Wakuu, masoko yakishaanguka kuna watu watatu lazima uwasikie. Wa kwanza anakwambia nunua hisa sasa hivi bei ya kutupa, wa pili anasema thubutu, bado haijagusa chini, wa tatu kwake benki zote zimeshakufa, toa hela kaweke kwenye nyumba, na wote wanaongea kwa kujiamini utadhani wametoka kikaoni na gavana. Ukiwasikiliza siku nzima unaishia kuganda tu, hununui huuzi. Sasa tuone namna ya kuwachuja, na mfano mkubwa nachukua Marekani 2008 manake ile tunajua iliishaje, kila aliyefungua mdomo kipindi kile leo tunaweza kumpima.

Kabla hujajiuliza jamaa yuko sahihi au la, jiulize kwanza anaongelea kitu gani. Hisa, benki na nyumba watu wanazisema kwa pumzi moja kama kitu kimoja, ila kila moja ina saa yake. Bei za nyumba Marekani zilifika kileleni 2006. Hisa zikaendelea kupanda mpaka Oktoba 2007, ile S&P 500, kile kipimo cha bei za hisa za kampuni kubwa 500 za Marekani, ikafika 1,565, halafu ndo ikaanza safari ya kushuka mpaka 676 tarehe 9 Machi 2009. Benki nazo, ile benki ya uwekezaji ya Lehman Brothers ilifilisika 15 Septemba 2008, mwaka huo zikafungwa benki 25, mwaka 2009 zikafungwa 140, na 2010 zikafungwa 157. Yaani mwaka ambao benki nyingi zaidi zilifungwa, hisa zilikuwa zishapanda muda mrefu tu! Na nyumba zenyewe hazikugusa chini mpaka mwanzoni mwa 2012.

Sasa chukua mtu aliyesimama Machi 2009 akasema uchumi bado mbaya, benki zitaendelea kufungwa na nyumba zitaendelea kushuka. Alipatia yote. Na kama kwa sababu hiyo hiyo aliuza hisa zake siku ile, alipigwa vibaya, manake soko la hisa haliwezi kusubiri mpaka habari ziwe nzuri, linaanza kupanda habari zikiwa bado mbaya kabisa. Kwahiyo ukisikia maoni yoyote yagawe: hapa kaongelea hisa, hapa kaongelea benki, hapa nyumba. Ukishagawa utakuta mara nyingi sababu alizotoa ni za nyumba ila ushauri anaokupa ni wa hisa. Hapo unaacha.

La pili ni muda. Warren Buffett, yule mwekezaji tajiri wa Marekani, tarehe 16 Oktoba 2008 aliandika gazetini kwamba yeye kwa hela yake binafsi ananunua hisa za Marekani. Siku ile S&P 500 ilikuwa kama 946. Miezi mitano baadae iko 676, yaani aliyemfuata siku ileile alishaona karibu 28% imeyeyuka. Watu walimcheka sana mzee wa watu. Lakini alisema wazi kwamba hajui soko litakuwa wapi mwezi ujao au mwaka ujao, anaongelea miaka mingi mbele, na mwisho wa 2009 soko lilikuwa limepita 1,100. Kwahiyo maoni yake yalikuwa sahihi kwa mwenye miaka kumi na yalikuwa sumu kwa mwenye ada ya shule ya kulipa Januari. Hela yako wewe ni ya lini? Kama ni ya kodi ya nyumba ya mwezi wa sita, wewe maoni ya Buffett hayakuhusu hata kidogo, hata kama ni ya kweli.

Na ukiwa na muda mrefu bado piga hesabu hii maana wengi hawaipigi. Ukishuka kutoka 1,565 mpaka 676 umepoteza kama 57%, sawa? Ila kurudi pale pale unahitaji kupanda zaidi ya 130%. Ilichukua mpaka Machi 2013 kufunga juu ya kile kilele cha 2007. Anayekwambia "imeshuka nusu, ikipanda nusu umerudi" huyo mpishe.

La tatu, mtu huyo ameshika nini, na ameshika kwa masharti gani. Hili ndo watu wengi wanaumia nalo. Septemba 2008 huyo huyo Buffett aliweka dola bilioni 5 kwenye benki ya uwekezaji ya Goldman Sachs, dunia nzima ikasema ah, mzee kaingia, basi na sisi tuingie. Sasa angalia dili lenyewe. Yeye hakununua hisa zile unazonunua wewe kwa dalali. Alipewa hisa maalum zinazolipa 10% kila mwaka, yaani dola milioni 500 kila mwaka Goldman ipande ishuke, na juu yake akapewa haki ya kununua hisa za kawaida kwa dola 115 kila moja akipenda, asipopenda anaacha. Aliyeingia na hisa za kawaida wiki ile alishuhudia Novemba bei ikishuka chini ya dola 60, hana 10% hana nini, kakaa anaangalia simu tu. Mwaka 2011 Goldman wakamrudishia Buffett hela yake na nyongeza juu. Wote wawili "waliwekeza Goldman", ila hawakuwa kwenye gari moja. Kwahiyo usiulize tu kanunua nini, uliza kanunua karatasi gani, bei gani, na analipwa nini wakati anasubiri.

Na usidhani wakubwa hawapigwi. Aprili 2008 kampuni ya uwekezaji ya TPG na wenzake waliiwekea benki ya Washington Mutual dola bilioni 7, wakapewa hisa kwa dola 8.75, bei nafuu kuliko ya sokoni. Watu wenye wanasheria na wahasibu jengo zima. Miezi mitano tu, sifuri.

Halafu kuna huyu nabii wa mara moja. Oktoba 2007 mchambuzi mmoja, Meredith Whitney, alisema benki ya Citigroup (Citi) mtaji hauitoshi na italazimika kukata gawio, yaani faida inayogawiwa wenye hisa, watu wakamuona chizi, siku chache bosi wa Citi akaondoka na Januari gawio likakatwa kweli. Jina likapaa. Desemba 2010 akatokea kwenye televisheni akasema miji na wilaya za Marekani nyingi zitashindwa kulipa madeni yao, hati fungani (karatasi za mkopo ambazo watu wamewakopesha) za mamia ya mabilioni ya dola, watu wakauza hati zao kwa hofu, na haikutokea vile alivyosema. Simbezi, ile ya Citi alikuwa amesoma hesabu za benki hiyo mwenyewe. Ninachosema ni kwamba kupatia benki moja hakumfanyi mtu ajue miji, na kujua benki hakumfanyi ajue nyumba. Sisi tuna tabia ya mtu akipatia mara moja tunampa kiti cha mbele mpaka afe.

Nyumba nitapita haraka kidogo ila kuna mambo mawili matatu. Moja, hakuna kitu kinaitwa bei ya nyumba Marekani, kuna bei ya mji. Las Vegas na Phoenix zilishuka zaidi ya nusu, Dallas ilishuka kidogo tu. Ndugu zetu walioko kule wanaosema "nyumba ni hasara" na wanaosema "nyumba ndo kila kitu" muulize kwanza anakaa wapi. Mbili, mkopo ndo unaoua. Nyumba ya dola 300,000 umetanguliza 5% yaani 15,000, bei ikishuka 20% nyumba inauzika 240,000 na wewe unadaiwa 285,000, hujapoteza 20%, umepoteza yote uliyoweka na bado una shimo la 45,000. Ndo maana watu waliacha funguo wakaondoka. Tatu, angalia kama soko limeshikiliwa na serikali. Kulikuwa na punguzo la kodi la mpaka dola 8,000 kwa anayenunua nyumba mara ya kwanza, mwanzoni mwa 2010 kila mtu anasema nyumba zimeamka, mwisho wa kusaini mkataba ukawa 30 Aprili, Julai mauzo ya nyumba zilizokwisha kukaliwa yakaanguka 27% kwa mwezi mmoja.

Kipimo ambacho hakidanganyi sana ni kodi ya pango. Chukua kodi ya mwaka mzima, toa kodi ya jengo, bima, matengenezo na miezi miwili ya kukaa bila mpangaji, kinachobaki gawanya kwa bei. Kama inakupa chini ya unacholipa benki kwa mkopo, basi wewe unabeti bei ipande, hujawekeza kwenye nyumba. Na kwetu huku msije mkaniambia nyumba haishuki bei. Wengi tunajenga kwa kudunduliza, hakuna mkopo, kwahiyo hakuna benki ya kukulazimisha uuze, muuzaji anakaa tu na bango lake getini mwaka mzima na bei ileile ya zamani. Bei haijashuka, ila mnunuzi hayupo. Muulize anayeuza kiwanja Kigamboni akiwa na shida ya haraka ndo utajua bei halisi.

Sasa benki, hapa ndo panataka akili zaidi. Mtu akikwambia "benki fulani iko salama" muulize salama kwa nani. Mwenye amana, mwenye hati fungani na mwenye hisa ni watu watatu tofauti. Washington Mutual hiyo hiyo, kuanzia 15 Septemba 2008 watu walitoa dola bilioni 16.7 kwa siku kumi, Alhamisi jioni ya tarehe 25 serikali ikaichukua, ikauzwa kwa JPMorgan kwa dola bilioni 1.9, na asubuhi yake matawi yakafunguliwa kama kawaida. Mwenye amana hakupoteza hata senti, kadi yake ilifanya kazi. Mwenye hisa aliamka hana kitu. Ni benki kubwa kuliko zote kuanguka katika historia ya Marekani, na mteja wa kawaida alienda kutoa hela kwenye mashine kama juzi.

Citi ikawa hadithi nyingine. Haikufungwa, iliokolewa, na watu wakasema si mnaona, kubwa haiwezi kufa, nunua. Ila kuokolewa kwa benki siyo kuokolewa kwa mwenye hisa. Serikali iligeuza sehemu ya hela yake kuwa hisa za kawaida, ikashika kama 36%, zikatengenezwa hisa mpya kibao na kipande cha mwenye hisa wa zamani kikawa kidogo mno. Machi 2009 hisa ilipita chini ya dola moja, hisa ambayo ilishawahi kuwa juu ya 50. Aliyenunua pale kwenye dola moja alipata mara nne baada ya miaka miwili, aliyeshika toka 50 hajarudi. Na kuwa makini na chati: Mei 2011 walikunja hisa kumi kuwa moja, kwahiyo ile dola 44 uliyoiona siku ile ni dola nne na senti za zamani.

Kwahiyo ukisoma maoni ya mtu kuhusu hisa za benki, nenda kwenye taarifa ya fedha ya robo mwaka (huku kwetu benki zinazitoa kwenye magazeti na tovuti zao) uangalie vitu vichache: mtaji ukilinganisha na mikopo, mikopo chechefu (ile isiyolipwa vizuri) inapanda au inashuka, amana zinatoka au zinaingia. Kama mtaji ni mdogo, lazima watauza hisa mpya, na ukinunua kabla ya hapo unapunjwa. Marekani mambo yalianza kutulia Mei 2009 baada ya serikali kupima benki 19 kubwa na kusema hadharani nani anapungukiwa kiasi gani, 10 zilikutwa zinahitaji jumla ya dola bilioni 74.6, Bank of America peke yake bilioni 33.9. Namba mbaya, ila ilikuwa namba. Mwekezaji anaweza kuishi na shimo lenye kipimo.

Na kama huna hisa za benki, una amana tu, basi maoni ya wawekezaji kuhusu bei ya hisa achana nayo, wewe jua kikomo cha bima ya amana, yaani kiasi cha juu ambacho bima inakulipa benki ikifungwa. Marekani walikipandisha toka dola 100,000 mpaka 250,000 Oktoba 2008. Tanzania Januari 2018 Benki Kuu (BoT) ilipofunga benki tano kwa mpigo, Meru, Njombe, Efatha, Covenant na ile ya wakulima Kagera, kikomo kilikuwa shilingi 1,500,000 tu, sasa hivi ni 7,500,000. Kenya ni shilingi 500,000 za kwao. Inahesabiwa kwa mtu kwa benki, kwahiyo akaunti tatu kwenye benki moja hazikupi bima mara tatu, zinajumlishwa. Kinachozidi kikomo peleka benki ya pili, au kama hukihitaji karibuni nunua dhamana za serikali.