SOMO: Jeki, vibao na miguu ya tela la kulala kwa kambi za ufukweni mwa Ziwa Victoria

Wakuu, kosa linaloharibu matela mengi ni hili: mtu anafika kambini, anaona tela limelalia upande, anashika spana na kuanza kulinyanyua kwa ile miguu minne ya pembeni. Kazi ya miguu hiyo ni kuzuia mtikisiko tu. Ukiinyanyulia tela, chesisi inajipinda, mlango unagoma kufunga, na mvua ikija maji yanapenya kwenye fremu za madirisha. Uzito wote ubebwe na matairi pamoja na jeki ya mbele.

Cha kununua

Jeki ya mbele kwanza. Tela lililopakiwa vizuri huegemeza mbele asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake. La kilo 1,200, basi, linaikalia jeki kwa kilo 120 hadi 180, na jeki ya kilo 500 inatosha bila wasiwasi. Msipime tela likiwa tupu: maji lita 80 ni kilo 80, na tanki likiwa mbele ya ekseli sehemu ya uzito huo inahamia kwenye jeki. Kigurudumu cha jeki ni kizuri kwenye lami na zege. Kwenye mchanga kinazama, kwa hiyo chagueni jeki ambayo kigurudumu chake kinachomoka ili uweke kikanyagio bapa.

Vibao vya kupandishia tairi viwe vipana kuliko tairi lenyewe. Tairi la 205 lina upana wa milimita 205; mbao ya inchi 8 haifiki hapo. Chukua ya inchi 2 kwa 10, au panga mbili za 2 kwa 6 sambamba. Tairi likining'inia ukingoni, nyuzi za ndani zinaumia na hutaona dalili nje.

Miguu: kwa tela dogo, jeki nne za mkasi zinatosha. Kabari ziwe nne, za mbao au mpira mgumu. Jiwe la mviringo si kabari.

Hatua

1. Kabla ya kulitenganisha na gari, weka pima maji ya sentimita 60 sakafuni, kukatiza upana wa tela. Inua ncha yake iliyo chini mpaka kipovu kikae katikati, kisha pima mwanya kati ya ncha hiyo na sakafu. Tuseme ni sentimita 1.5, na kutoka tairi hadi tairi ni mita 1.8. Hiyo ni mara tatu ya pima maji, kwa hiyo tairi la upande wa chini linahitaji kupanda sentimita 4.5. Mbao moja ya inchi 2 inamaliza kazi. Tofauti iliyobaki haihisiki. Tela la ekseli mbili: pandisha matairi yote mawili ya upande huo.

2. Sogeza gari taratibu mpaka tairi lipande kibao. Piga kabari mbele na nyuma ya matairi, pande zote mbili. Breki ya mkono haitoshi peke yake.

3. Sasa tenganisha. Geuza pima maji ifuate urefu wa tela, usawazishe kwa jeki ya mbele.

4. Shusha miguu mpaka iguse, kisha ongeza nusu mzunguko hadi mmoja. Basi. Ukiona tairi halibonyei tena chini kama mwanzo, umelinyanyua tela, umepitiliza.

Jeki ya mkasi ina nguvu ndogo ikiwa imekunjwa sana, na inayumba ikinyooka mpaka mwisho. Weka mbao chini yake ili ifanye kazi ikiwa imefunguka nusu.

Kuondoka: miguu juu kwanza, unganisha na gari, kabari zitoke, ndipo ushuke kwenye vibao. Anayeondoa kabari kabla ya kuunganisha atalikimbiza tela mteremkoni.

Maswali ya wanachama

*Swali: Ufukweni mchanga unameza miguu. Nifanyeje?*
Ongeza eneo. Kikanyagio cha sentimita 10 kwa 15 ni sentimita za mraba 150. Kipande cha mbao cha 30 kwa 30 ni 900, yaani mgandamizo unashuka mara sita. Kaa mbali na mchanga wenye unyevu karibu na maji. Udongo mweusi wa mbuga, kama wa kuelekea Magu na Ndabaka, ni mtihani mwingine: mkavu ni mgumu kabisa, ukilowa unakuwa tope. Mvua ikinyesha usiku, pima upya asubuhi.

*Swali: Na juu ya mwamba?*
Hapo hakuna kuzama, kuna kuteleza. Weka kipande cha mpira wa tairi chini ya kila mguu. Mafundi wa katambuga, vile viatu vya matairi, wanavyo.

*Swali: Fundi, jeki ya chupa ya gari haiwezi kukaa badala ya miguu?*
Itumie kunyanyua tairi wakati wa kuingiza kibao, ukiiweka chini ya ekseli au mahali palipoelekezwa na mtengenezaji, kisha iondoe. Sili zake huvujisha mafuta kidogo kidogo na tela litashuka. Usiingie chini ya tela linaloshikwa na jeki pekee.

*Swali: Miguu imekaza lakini tela bado linayumba ubavuni.*
Kukaza zaidi hakusaidii. Miguu iliyosimama wima inazuia kushuka, haizuii kwenda upande; inayoinama kuelekea nje inashika vizuri zaidi. Kwa ekseli mbili, kabari ya kubana kati ya matairi inapunguza sana mtikisiko.

*Swali: Kuna haja gani ya usahihi wote huu? Nalala tu.*
Kama una friji ya gesi, haja ipo. Amonia ndani yake inazunguka kwa mteremko wa mabomba, bila pampu. Tela likiinama sana, mzunguko unakwama na friji inaweza kufa. Friji ya kompresa ya volti 12 inavumilia zaidi.

*Swali: Skrubu za jeki tupake grisi?*
Ziwa ni maji baridi, chumvi haitusumbui. Adui ni vumbi, ambalo likikutana na grisi nzito linasaga meno ya skrubu. Safisha kwa brashi ya waya, kisha paka kilainishi kikavu cha grafaiti.